Miche Kwanza, Masweta Baadaye

Marahaba, wanangu, marahaba nyote. Nawajibu kwa pamoja kwa sababu mko wengi na mimi sina tena pumzi ya kumjibu mmoja mmoja. Skola, kiongozi wenu, alinipitia hapa kwangu Katandala, Sumbawanga, akaniambia kikosi kipya kinashuka Kipili kupanda miti ufukweni, na kwamba wengi wenu Ziwa Tanganyika mmeliona kwenye picha tu. Akaniomba niwaandikie mawili matatu. Nikamwambia mimi si mwalimu, mimi ni dereva mstaafu. Akasema, "Ndiyo maana nakuomba wewe, baba." Binti huyo anajua kumlainisha mtu, mtamzoea.

Tuanze na mabegi. Kila msimu nilikuwa namwona kijana anapanda kanta, lile lori langu dogo, na begi kubwa kuliko yeye. Ukimwambia afungue, unakuta pasi ya umeme, pafyumu mbili na raba nyeupe. Ndugu yangu, unakwenda kuchimba mashimo, hakuna anayekuoa kule. Beba nguo za kazi, kofia, kandambili, sabuni, na sweta la asubuhi. Hilo sweta msilisahau, tutalirudia.

Unga msibebe. Sisi watu wa huku juu kwenye baridi tuna ugonjwa wa kuogopa chakula cha ziwani. Kuna kikosi kilibeba gunia zima la unga wa ulezi, eti ugali wa muhogo utawasumbua matumbo. Siku ya kwanza wakasonga wa kwao, wakala kwa maringo. Siku ya pili mama mmoja wa pale akawaletea samaki wa kuchoma, migebuka, na ugali wa muhogo kwenye sinia, akawaambia waonje tu. Lile gunia la ulezi nililirudisha mwenyewe Sumbawanga, na lilikuwa zito vilevile.

Halafu kuna suala la maji. Nani kati yenu anajua kuogelea? Hakuna, nilijua tu. Huku kwetu maji mengi tuliyowahi kuyaona yako kwenye pipa. Nilikuwa na kijana mmoja wa Mazwi, hapa hapa mjini, Gaudensi, mdomo mwepesi lakini mchapakazi. Siku moja walivalishwa majaketi ya kuokolea ili wavuke na mtumbwi upande wa pili wa ghuba. Walipovuka na kurudi, wenzake wakavua. Gaudensi akabaki nalo. Akachimba nalo mashimo, akala nalo, akaenda nalo dukani. Nikamuuliza, "Wewe, uko mchangani, unazama wapi?" Akanijibu, "Anko, mimi na hili ziwa bado hatujazoeana." Nikamwacha. Mtu anayejua anachokiogopa hana shida nyingi njiani.

Barabara ile ya kushuka Kipili nilifundishwa na marehemu mzee Kalisto, dereva aliyenitangulia. Alikuwa mtu mkali asiyependa maneno. Akikaa pembeni yangu alishika fimbo fupi, na kila nilipokanyaga breki kwenye mteremko bila sababu, alinigonga goti. "Gari linashuka kwa gia," alikuwa akisema. "Breki ni ya kusimamia." Mpaka leo nikiona mteremko mkali goti langu linauma, hata nikiwa nimekaa kwenye basi kama abiria. Na alikuwa na neno lingine, ambalo hakuligongea fimbo, nami kwa hiyo sikulishika vizuri: mzigo hauna mdomo. Ukisimama kwa haja yako, teremka ukaulize na mzigo una haja gani.

Sasa niwaambie habari ya turubai.

Jirani na Kipili kuna kijiji ambacho ufuko wake ulikuwa unaliwa na mvua. Miti ya kando ya maji ilishakatwa zamani. Kila masika udongo ulikuwa unaporomoka mwekundu mpaka kwenye ghuba yao ndogo, na ile ghuba ndiko samaki kuhe walikokuwa wanatagia. Samaki hatagi kwenye tope. Wavuvi wakawa wanakwenda mbali zaidi kila mwaka na kurudi na kidogo zaidi. Chama chetu cha kupanda miti kikasema tutapanda mikuyu na mivule kwenye ukanda ule, udongo ushikwe. Kasheshe ni kwamba ukanda wenyewe ulikuwa umejaa vichanja vya kuanikia dagaa, na hakuna mtu anayehamisha kichanja chake kwa sababu ya hotuba.

Skola wakati huo ndiyo kwanza amepewa kikosi. Alikuwa binti mdogo, anashuka na kupanda peke yake kwenda mikutanoni, wazee wanamsikiliza kwa adabu halafu wanakwenda zao. Aliyemwokoa ni Mama Zuhura. Huyu mama ni mwanika dagaa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ufuko. Sauti yake ndogo, lakini akianza kuongea hata anayekohoa anajizuia. Siku moja mkutanoni akasimama akasema, "Mimi nahamisha vyangu kwanza." Akahamisha. Wengine wakafuata wakinuna, kwa sharti moja: siku ya kupanda, miche iwepo. Isipokuwepo, vichanja vinarudi mahali pake na habari ya miti isitajwe tena pale. Kila nyumba ikachimba shimo lake, ikaweka na samadi. Kwa hiyo mnaona wenyewe nilichokuwa nimebeba siku ile. Nilibeba miche, na juu yake nilibeba neno la Skola na heshima ya Mama Zuhura.

Asubuhi tulipoondoka, mji wetu ulikuwa katika hali yake. Mvua nyembamba, upepo unaotafuta mfupa, na wingu jeusi limekaa upande wa mlima. Aliyekulia Ufipa akiona wingu lile anajua mvua ya mawe haiko mbali, na mvua ya mawe haijui mche wa mradi na mche wa mtu binafsi, inachana yote. Basi tukaifunika miche yetu. Tukatandaza turubai, tukachomeka magunia pembeni, tukakaza kamba mpaka upepo ukakosa pa kuingilia. Skola alizunguka gari akivuta kila fundo. Ilikuwa kazi safi, wanangu. Hata bibi yangu aliyekuwa anafunga wajukuu mgongoni asingepata pa kutukosoa.

Tukapita Chala, tukapita Namanyere, kikosi kinaimba huko nyuma. Barabara ikaanza kushuka, mawingu tukayaacha juu, jua likatoka kwa nguvu. Kwenye kona moja pana, ambapo ziwa linaanza kuonekana kwa mbali, Gaudensi akagonga bodi ya gari. "Anko, simama, tunaiva!" Nikasimama. Watu wote wakavua masweta, na mimi nikavua langu. Mnajua tuliyaweka wapi? Tuliyatupa juu ya turubai. Kikosi kizima, sweta juu ya sweta, halafu tukaendelea kushuka tukiimba. Sisi tulivua, miche tukaiongezea nguo.

Tulipofika kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Akina mama na ndoo zao, watoto wa shule na wimbo wao, wavuvi wamesimama kando wamekunja mikono, na Mama Zuhura mbele amevaa kitenge kipya. Tukafungua kamba. Kabla hatujaona chochote tukasikia harufu, harufu ya mchicha uliozidi kuchemka. Miche yote ilikuwa imelala juu ya viriba vyake, vile vifuko vya udongo, majani meusi, laini, ukiyagusa yanabaki mkononi. Wimbo wa watoto ukaisha wenyewe katikati.

Gaudensi akasogea kwa Skola, akanong'ona, lakini mimi nilimsikia. "Dada, tupande hivyo hivyo. Tunamwagia maji, tunapiga picha, tunasepa. Ikifa watasema ni jua la huku." Msimcheke sana. Wote tuliokuwa pale lile wazo lilitupitia kichwani, yeye ndiye aliyekuwa na mdomo. Skola alikuwa amelowa jasho mpaka shingoni. Nilimwona akimtazama Mama Zuhura, na Mama Zuhura akimtazama yeye, na nikamhurumia kweli.

Akapanda kwenye gurudumu la kanta ili aonekane. "Shikamooni wazee wangu. Miche imekufa. Haikufa kwa bahati mbaya, tumeiua sisi njiani. Tuliifunika kwa ajili ya baridi ya kwetu, tukasahau kuifunua tulipofika kwenye joto lenu."

Halafu mvuvi mmoja mrefu, mwenye kofia ya kufuma, akasema, "Watu wa Sumbawanga, tunasikia radi mnaituma kwa dawa zenu mchana kweupe na inafika salama. Miche tu ndiyo imewashinda?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nilicheka, ningefanyaje. Lakini yule mrefu hakucheka. Akasema utani ni utani na makubaliano ni makubaliano, vichanja vinarudi. Wengine wakaanza kuitikia.

Mama Zuhura ndipo akaongea. Kwanza alimuuliza Skola kama kuna miche mingine. Skola akasema ipo iliyobaki kitaluni Mazwi, ile ya kuzibia mapengo, ila haitatosha mashimo yote. "Basi vichanja havirudi leo," Mama Zuhura akawaambia wenzake. "Nipeni mpaka keshokutwa. Mimi napanda na dereva, nikaione hiyo miche kwa macho yangu. Hawa watoto wanabaki hapa rehani. Nisiporudi na miche, watatuchotea maji mpaka waote mvi."

Mume wake, aliyekuwa pale pale kati ya wavuvi, akasema kama ni safari ya Sumbawanga basi asirudi bila viazi. Yule mrefu akaitikia kwa kichwa. Mambo yakaisha hivyo, Gaudensi na jaketi lake akawa dhamana.

Safari ya kupanda, Mama Zuhura alikaa kando yangu akiwa ameukunja uso. Halafu akasema, "Wewe dereva, ni mtu mzima mwenzangu. Nimewasemea ninyi mbele ya watu. Mkinitupa, mimi ndiye nitakayebaki pale, naitwa mwanamke aliyehamisha vichanja kwa ajili ya kuni." Nikamwambia nimemwelewa. Akasema, "Bado hujanielewa, lakini endesha."

Alikuwa ameteremsha kioo chote, upepo unampiga. Tulipofika Namanyere akakipandisha nusu. Mbele kidogo akakifunga. Akajifunika ushungi, akaweka mikono kwapani, na mimi nikajifanya sioni maana mtu aliyekukasirikia hapendi umwone akitetemeka. Karibu na Chala ile mvua ya mawe tuliyoikimbia asubuhi ikatukuta. Ilipiga paa la kanta mpaka ikabidi niweke gari pembeni. Mama Zuhura akanyoosha mkono nje, akarudi na punje ya barafu kiganjani, akaitazama inavyoyeyuka. Kando ya barabara kulikuwa na bustani ya mtu ya maboga, na tukiangalia hivi hivi majani yalikuwa yanatoboka na kukatika.

"Na hii huwa inakuja hivi hivi? Bila kuwaambia?" akauliza.

"Hivi hivi, mama."

Akavuta pumzi. "Sasa ndiyo naona mlichokuwa mnafunika."

Nikampa sweta langu. Lilikuwa la kijivu, linanuka dizeli, mikono imelegea. Akalivaa juu ya kitenge kipya. Kuanzia hapo tukaongea mpaka Sumbawanga, habari za watoto, habari za bei ya dagaa, na jinsi mume wake anavyopenda viazi. Alilala kwangu. Mke wangu alimpikia uji wa ulezi, na kumtoa mgeni wetu jikoni kwenye moto ilikuwa kazi. Asubuhi aliniuliza kwa dhati kabisa kama kuna mtu aliyetufukuza mahali pengine mpaka tukaamua kuishi huku.

Kitaluni alichagua mwenyewe. Mche uliopinda aliuacha, wenye mizizi iliyotoboa kiriba aliuacha. Tulipomaliza, wingu lilikuwa mahali pake, na yeye ndiye aliyesema tufunike. Tukafunika kama jana yake, kamba zote.

Tukashuka. Pale kwenye ile kona pana mimi nilikuwa bado sisikii joto, akili yangu iko kwenye gia. Mama Zuhura akasema, "Simama."

Nikadhani ana haja. Nikasimama. Yeye alikuwa ameanza kutoka jasho ndani ya lile sweta, jasho linamtiririka puani, lakini hakulivua. Akateremka nalo hivyo hivyo, akaenda nyuma, akaanza kuhangaika na mafundo. "Mimi nasikia joto," akasema. "Na hawa je?" Nikamkumbuka mzee Kalisto, na safari hii sikuhitaji fimbo. Tukafungua upande mmoja. Mbele kidogo tukasimama tena, tukafungua wa pili. Tukanyunyizia maji. Chini kabisa, karibu na vijiji, turubai lilikuwa limekunjwa limewekwa pembeni, miche imesimama na majani yanacheza, na Mama Zuhura ndipo akavua sweta.

Tulipoingia kijijini tulikuta rehani yetu imenenepa. Gaudensi alikuwa amekaa na yule mvuvi mrefu wanakula migebuka, jaketi lake limefunguliwa kifungo kimoja, dalili ya urafiki na ziwa. Miche haikutosha, kama Skola alivyosema. Wazee wakaamua nyumba mbili zichukue mche mmoja, na shimo linalobaki lisubiri msimu ujao. Hapo kulizuka kelele kidogo, lakini baadaye ile miche ya nyumba mbili ndiyo iliyostawi kuliko yote. Huyu anaogopa mwenzake atasema hakumwagilia, na yule vivyo hivyo, mche ukawa unanyweshwa mpaka unachoka. Vichanja havikurudi. Na kuhe? Waulizeni wavuvi wenyewe mkifika, mimi nikisema mtadhani najisifu.

Sweta langu sikulidai. Nililiona tena mara nyingi, lakini si mgongoni mwa mtu. Nililiona kichwani kwa Mama Zuhura, limekunjwa ngata, limebeba ndoo ya maji ya kumwagilia.

Msimu uliopita Skola aliniomba niwasindikize, safari ya kwanza nikiwa nimestaafu, nikiwa abiria. Mambo yamebadilika sana. Kanta mpya ina rafu za mbao, miche inapangwa ghorofa, hewa inapita, na kila kitu kinatangazwa kwenye kundi la wasapu kabla hakijatokea. Dereva ni kijana, anashuka kwa gia, goti langu lilitulia. Pale kwenye kona pana akasimama bila kuambiwa. Vijana wote wakaruka chini, wamevaa masweta, wanatoka jasho, na hakuna aliyevua. Walikwenda moja kwa moja kwenye turubai. Walipomaliza kulikunja ndipo masweta yakaanza kutoka.

Nikamuuliza binti mmoja, "Kwa nini mnateseka hivyo? Si mngevua kwanza?"

"Hapana, babu. Kona hii inaitwa Kwa Mama Zuhura, na hapa ni miche kwanza."

"Mama Zuhura ni nani?"

Akafikiri kidogo. "Sijui, babu. Labda aliwahi kuuza chai hapa."

Nilicheka, halafu machozi yakanilengalenga, na nikasingizia vumbi. Nikamwambia hakuuza chai, yupo hai, na leo atamwona.

Tulipofika, Mama Zuhura alitoka kwenye vichanja vyake taratibu, mgongo umeinama sasa, mikono ina harufu ya dagaa. Nyuma yake mikuyu ilikuwa imeshika ufuko wote, na ghuba ilikuwa safi mpaka chini. Yule binti akakimbia kumpokea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

Mama Zuhura akampita kama hajamsikia. Binti akanigeukia, amefadhaika, nikamwashiria asubiri. Bibi yule akaenda mpaka nyuma ya kanta, akaingiza mkono kati ya rafu, akashika jani la chini, akashika la katikati, akaweka kiganja juu ya udongo wa kiriba akakiacha hapo. Kisha akajifuta mkono kwenye kanga, akarudi mpaka alipokuwa yule binti.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibuni."